Shingo Fupi

Ukurasa wa tisa wa kitabu chetu cha mwongozo,
uliopigwa chapa kwa wino wa dhahabu, unasema:
Bata bukini ni ishara ya ulinzi.
Hulala jicho moja wazi.
Angani hupokezana uongozi;
aliyechoka hurudi nyuma, mwenzake akaukata upepo.
Nimeukariri. Sote kumi na wawili tumeukariri
tukiwa mstari mmoja katika baridi ya Februari,
mbele ya bweni, Kentucky, saa tano usiku,
mvuke ukitutoka vinywani kama birika,
vifuani herufi tatu za Kigiriki
ambacho hakuna kati yetu akijuaye.

Kisha tukatumwa, kila mmoja kwa mzee wake,
tukaulize maana.
Mimi nikapangiwa Bi. Vernell Stokely,
miaka themanini na minane, nyumba ya wazee, Dayton,
chumba cha mwisho, jirani na mashine ya barafu.

Mabata kila mahali:
bata wa kaure, bata wa sabuni,
bata wa shaba kazuia mlango,
na mmoja wa plastiki, wa kuogeshea mtoto.
"Huyu si wa chama," akasema. "Huyu nampenda tu."

Nikamsomea ukurasa wa tisa.
Alicheka hadi muuguzi akachungulia.

"Mwanangu, alikuwa batamaji.
Octavia Grimes, mwaka wa ishirini na saba,
alikusudia batamaji, shingo kama alama ya kuuliza.
Wasichana watano. Alfajiri wanafua mashuka ya wavulana,
mchana wanasoma Kilatini, mikono ingali inanuka magadi.
Bendera waliikata kwenye pazia la chumba cha kufulia;
ndicho hicho kijani chenu cha 'tumaini lisilonyauka.'
Octavia akatarizi usiku kwa taa ya mafuta,
uzi mweupe ukamwishia shingoni.
Kibonge senti tatu. Hawakuwa nazo.
Basi akapiga fundo pale pale, akamtia mdomo.
Kulipokucha wakatazama: bata bukini!
Mmoja akasema, 'Mbona kafanana na mkuu wa chuo?'
Wakacheka, wakashikana mbavu, wakakaa sakafuni.
Kiapo cha kwanza kilikuwa kile kicheko.
Hakimo kitabuni."

Nikauliza lulu tano za kwenye beji,
tunazoambiwa ni elimu, imani, subira,
na mbili ambazo nazisahau kila mara.
Akaivua yake, akaniwekea kiganjani.
Lulu nne. Na kishimo.

"Za mwaka wetu zote zilitoka hivyo kwa sonara.
Mabel Tunstall, wa tano, alirudi kwao Machi. Ada.
Wengine husema aliolewa Toledo,
wengine husema kiwanda cha tumbaku, mapafu.
Hawakujua wamwekee lulu au wasimwekee.
Wakamwachia nafasi.
Mwaka wa sitini na nne, mtu fulani makao makuu
akakiona kishimo, akadhani ni kosa,
akakijaza."

Akaomba tangawizi ya sukari iliyokuwa droo ya chini,
ambayo daktari kamkataza.
Nikampa. Nikachukua na mimi.

Daftari langu lilikuwa na mstari, *Maana:*
na baada ya nukta mbili, nyeupe tupu hadi Cincinnati.
Basi liliposimama kwenye maegesho ya duka kubwa
nikawaona, bukini halisi, kama thelathini,
wamechafua lami yote, na mmoja, mbawa wazi,
anaitishia lori la maziwa.
Lori likangoja.
Kwa hiyo kitabu nacho hakisemi uongo.

Siku ya kuulizwa, "Bata ni nini?"
nikajibu pamoja na wenzangu, kwa sauti moja, "Ulinzi."
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata siku hiyo ilinyamaza,
ila kicheko kilinipanda, nikakigeuza kikohozi.
Dada mmoja wa miaka ya nyuma, safu ya mbele,
naye akakohoa.

Aprili nikavishwa beji yangu.
Usiku ule, wenzangu wamelala,
nikaitia lulu ya tano ncha ya pini, nikaibembeleza.
Haikutoka.
Gundi ya siku hizi ni kali.
Bado najaribu.